Ndevu kwa mwanamke mwenye ngozi inayodhurika haraka

Akina mama wanaokuja kliniki ya ngozi hapa Mtwara kulalamikia ndevu mara nyingi huwa wameshazing'oa nyumbani. Kidevu kimejaa vipele vya usaha na madoa meusi, na ndevu zenyewe bado zipo.

Nywele zetu zimejisokota. Ukiing'oa kwa kibano, uzi au nta, inayoota upya inaanzia chini ya ngozi, na kwa kuwa imejikunja inachoma pembeni badala ya kutoka nje. Mwili unaichukulia kama mwiba, panavimba na kutunga usaha. Kwenye ngozi nyeusi kipele kinapona, doa linabaki kwa miezi. Kama una asili ya makovu yanayovimba, usijaribu kabisa kung'oa.

Kwa ngozi ya namna hii mimi nashauri mkasi mdogo, au wembe. Hapo huwa naulizwa, "Daktari, nikinyoa si zitakuja nene kama za baba?" Haziwi nene. Wembe unakata kilicho juu, shina la chini haliguswi. Unaziona ngumu kwa sababu ncha imekatwa butu, basi.

Nawa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, paka povu, subiri dakika mbili tatu zilainike. Nyoa kufuata zinakolala, usiivute ngozi, usirudie rudie palepale. Zikibaki fupi kidogo, ziache. Anayetaka kidevu kiteleze ndiye anayerudi na vipele. Wembe uwe wako peke yako, kwani homa ya ini na VVU vinaweza kupita kwenye damu kidogo tu iliyobaki juu yake.

Kabla ya yote hayo, mimi huuliza: unapaka nini usoni? Mkorogo na krimu nyingi za kung'arisha huwa na steroidi, dawa ambayo ikipakwa muda mrefu inaifanya ngozi iwe nyembamba na pia inaweza kuotesha nywele usoni. Basi mama anapaka, ndevu zinaongezeka, anakwenda kubandika nta, na nta inaondoka na ngozi. Dawa za chunusi zenye tretinoini nazo haziendi pamoja na nta. Kama umepaka krimu hizo kwa muda mrefu, usiache ghafla peke yako, maana uso unaweza kuwaka vibaya. Njoo nazo kliniki, na makopo yake, tukusaidie kuziacha.

Huku kwetu kuna jingine. Mafuta ya ganda la korosho yanachoma ngozi, na mbanguaji anayajua kwa vidole vyake. Uso ulionyolewa asubuhi una mikwaruzo usiyoiona. Ukijifuta jasho kwa mkono uliotoka kubangua, utaungua. Vumbi la salfa wakati wa kupulizia mikorosho nalo linawasha. Nyoa jioni, kazi imeisha na mikono imeoshwa. Majivu ya kunyonyolea yaache mbali na uso, yakilowa yanababua. Sukari iliyochemshwa na ndimu ni nta tu kwa jina lingine, na ndimu ikibaki usoni ukatoka juani, utapata weusi wa kuungua.

Krimu za kuondoa nywele zinayeyusha unywele, na ngozi pia ukizidisha dakika. Chagua iliyoandikwa kuwa ni ya uso, ijaribu kwanza ndani ya mkono, ngoja siku nzima. Leza inafaa, ila kwa ngozi nyeusi ulizia mashine ya Nd:YAG. Nyingine zinaweza kuacha mabaka.

Nywele chache kidevuni baada ya kukoma hedhi ni kawaida. Lakini zikija nyingi na hedhi haieleweki, au umetafuta mtoto bila mafanikio, huenda homoni za kiume zimezidi, mara nyingi kwa tatizo la ovari. Zikija ghafla na sauti ikawa nzito, usingoje. Anzia kituo cha afya kilicho karibu upewe rufaa ya vipimo vya homoni na ultrasaundi, kwa mfano hospitali ya Ligula hapa Mtwara au ya Sokoine kule Lindi. Siku chache kabla ya kwenda usinyoe, daktari azione zilivyoota.