Kukosa kulipia king'amuzi si kukosa TV

Watu wengi hapa Nairobi bado wanaamini ukiacha kulipia king'amuzi kila mwezi basi Citizen na KBC zimeenda, si kweli jamani. Tangu analogi izimwe 2015 hizo stesheni zinarushwa bure kwa mfumo wa DVB-T2, yaani dijitali inayoshikwa na eriali ya kawaida, kwa hivyo angalia tu kama TV yako iko na hiyo DVB-T2 ndani, kama haina nunua king'amuzi cha stesheni za bure, unakilipia mara moja tu. Na usidanganywe ati lazima ununue "eriali ya dijitali", ile ya zamani ya UHF inashika tu, ipandishe juu ya paa halafu uigeuze polepole huku mtu akiangalia signal kwa TV. Bando weka ya Netflix na YouTube, habari za saa moja hazihitaji intaneti.