Kosa Moja, Nakala 200

Usiku wa kuamkia mazishi ya shangazi yangu kule Gem, tulikaa sebuleni na kalamu tukisahihisha programu. Tulikuwa tumezichukua jioni kutoka duka moja la uchapishaji mjini Kisumu, nakala 200, zote zikisema marehemu alizaliwa mwaka 1984. Alizaliwa 1948. Binamu yangu alikata 84, akaandika 48 juu yake, akachukua nyingine. Babu mmoja aliyekuwa karibu na taa akatuambia, "Sahihisheni zote, wajukuu. Watu huamini karatasi iliyochapwa."

Babu alisema kweli. Wengi wetu tunadhani kilichopita kwenye mashine kimeshahakikiwa. Mashine haihakiki, inazidisha tu. Mwaka 1631, wachapishaji wa mfalme mjini London walitoa Biblia iliyoangusha neno "usi" la amri ya uzinzi, ikawa inawaamuru watu wazini. Walitozwa faini, na nakala zikasakwa ziharibiwe.

Hata hivyo, kosa la chapa lina heri yake, na aliyenifumbua macho ni Elizabeth Eisenstein, mwanahistoria Mmarekani aliyeandika mwaka 1979 mabuku mawili kuhusu mashine ya chapa na mabadiliko iliyoyaleta Ulaya. Mtu aliyenakili kwa mkono alikosea kivyake, na aliyemfuata akaongeza yake. Kila nakala ilipotea njia yake. Nakala za chapa hukosea pamoja, kwa hiyo karatasi moja ya masahihisho inaziponya zote. Tena msomaji aliweza kuweka vitabu vingi mezani na kuvilinganisha. Eisenstein anamtaja Copernicus, mwanaastronomia aliyetoa mwaka 1543 kitabu cha kusema dunia hulizunguka jua, miongo kadhaa kabla ya darubini kuelekezwa angani: alichokuwa nacho kuliko waliomtangulia ni wingi wa maandishi ya kupambanisha. Wapo wanahistoria waliompinga, wakisema vitabu vya mwanzo havikuaminika kiasi hicho. Kwa usiku ule wa Gem, naona pande zote mbili zina haki.

Yapo pia yanayosemwa kuhusu chapa na maandishi ambayo si kweli. Kwamba Gutenberg, Mjerumani aliyeanzisha mashine ya chapa Ulaya katika karne ya 15, ndiye wa kwanza duniani kuchapa kwa herufi za chuma, hapana. Korea walichapa kitabu kwa herufi hizo mwaka 1377, na sehemu yake ipo hadi leo mjini Paris.

Lililo karibu nasi zaidi linaniuma: eti kabla ya wamisionari, Afrika Mashariki haikujua kuandika. Ni kweli huku Nyanza Agano Jipya la Dholuo lilitoka mwaka 1926, na wazee wengi walijifunzia kusoma humo. Lakini Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na mswada wake una tarehe ya 1728. Watoto wetu wafundishwe hilo darasani, wasisubiri kuliokota ukubwani kama mimi.

Tena husemwa chapa iliua mwandiko. Miongoni mwa karatasi za kwanza kabisa kuchapwa mjini Mainz, Ujerumani, zenye tarehe ya 1454, ni hati za msamaha wa dhambi za kanisa. Ziliachwa na nafasi tupu, kama fomu ya chifu, ili jina la muumini na tarehe vijazwe kwa kalamu.