Kazi imeisha, pesa iko wapi? Kuchagua programu ya kufuata gharama za kila kazi

Makontrakta wengi wa hapa Amu, mji wa Lamu, ukiwauliza mwaka jana walipata faida ngapi watakujibu bila shida, manake akaunti ya benki wanaiona. Waulize sasa ni kazi gani iliyoleta hiyo faida na ni gani iliyoila, hapo ndo utasikia "aah, hiyo mpaka nikae chini nipige hesabu". Mimi natunza vitabu vya watu wa ujenzi na wenye majahazi, na siku hizi naulizwa sana ninunue programu gani. Huwa sianzi na jina la programu. Nauliza hivi, pesa ikitoka kule saiti nani anaiandika kwenye kazi yake, na anaiandika lini? Ukijibu hilo kwa ukweli, nusu ya programu zishajitoa zenyewe.

Tuseme ni ukarabati wa nyumba Mkomani, mtaa wa hapa mjini, mkataba 4,200,000, VAT tuiache kando. Vifaa vimekula 1,900,000, mafundi na vibarua 1,100,000, usafiri 260,000. Unatoa, unabaki na 940,000 na ushaanza kuulizia bei ya injini ya boti. Ngoja kwanza. Ofisi yako inakula 180,000 kwa mwezi, kodi ya pango, mshahara wa msimamizi, mafuta, simu, na kazi hii imechukua miezi 4 ikitumia nusu ya mafundi wako wote, basi na ibebe nusu ya gharama hizo, 360,000. Imebaki 580,000. Halafu mwenye nyumba amezuia asilimia 10 mpaka muda wa kurekebisha kasoro uishe, hiyo ni 420,000, na kwa zile alizolipa amekata kodi ya zuio asilimia 3, yaani 113,400, ambayo ni haki yako na utaidai kwenye ritani ya kodi lakini leo huna. Faida 580,000, mkononi 46,600. Programu isiyoweza kukuonyesha hizo namba mbili, kila moja mahali pake, mimi siihitaji hata kama dashibodi yake inang'aa vipi.

Sasa huo usafiri ndo unaoua watu huku kisiwani. Saruji inatoka Mombasa kwa lori mpaka Mokowe, inateremshwa, inapakiwa boti, inateremshwa tena ngazini, wapagazi, halafu punda mpaka mlangoni kwa mwenyewe. Kila hatua ina mtu wake na kila mtu ana M-Pesa yake. Msimamizi yuko saiti anaandika WhatsApp "Ami punda washamaliza, mtumie yule wa mchanga", Ami, yaani bosi, anatuma, basi, limekwisha. Mwisho wa mwezi statimenti inakuja, jina la mtu, kiasi, ada ya kutuma, na hakuna popote palipoandikwa ni mchanga wa Mkomani au wa Shela. Mwenye punda mwenyewe ni yule yule kwa kazi zote mbili! Karani anagawa kwa kukisia na kuanzia hapo ripoti zote ni hadithi, uwe umenunua programu ya elfu mbili au ya laki mbili.

Kwa hivyo cha kwanza nachoangalia ni simu. Je msimamizi anaweza kufungua apu, akachagua kazi, akachagua fungu (vifaa, mafundi, usafiri), akaandika kiasi, akapiga picha karatasi, akamaliza kabla mwenye punda hajageuka? Na mtandao ukikata, maana ukitoka mjini huko Matondoni au ng'ambo ya Manda unakata tu, apu inaweka kumbukumbu au inakwambia jaribu tena baadaye? Hilo la jaribu tena baadaye tafsiri yake ni kwamba hakuna atakayejaribu.

Saa za mafundi nazo, kuna programu zinataka fundi abonyeze akiingia na akitoka, saa na dakika. Kwa mawazo yangu ni ndoto. Fundi asubuhi yuko Langoni, baada ya adhuhuri yuko Shela, nusu siku na nusu siku zinatosha kabisa, mradi ziandikwe siku ile ile na sio Alhamisi jioni wakati wa malipo kila mtu akijikumbusha alikuwa wapi.

Kitu kingine ambacho watu hawakiulizi ni gharama ulizoziahidi na bado hujalipa. Umeagiza boriti korja 6, bei mmeshakubaliana, hazijafika. Eksel yako inasema bajeti ya boriti bado imejaa, kumbe ishakwenda. Programu nzuri inashika ile LPO (hati ya kuagizia mali) siku uliyoitoa na kuitoa kwenye bajeti. Na maadamu tumetaja korja, hakikisha inakubali vipimo vyetu, korja 1 ni boriti 20, programu kama Odoo na ERPNext zinakuruhusu kujiwekea vipimo vyako na hesabu ya kubadilisha. Kazi ya nyongeza pia iwe na mstari wake, manake nyumba hizi za mawe ukibomoa plasta huko juu hujui utakuta boriti ngapi zimeoza, na ukiichanganya na bajeti ya mwanzo utaonekana umepata hasara kwa kazi ambayo mwenye nyumba alitakiwa aongeze pesa.

Majina sasa, haraka haraka. QuickBooks Online ina sehemu ya Projects lakini sio kwenye mipango ya bei ya chini, angalia kabla hujalipa. Odoo inafuata gharama kwa akaunti za uchambuzi, yaani kila kazi unaipa akaunti yake, ina nguvu ila inataka mtu wa kuipanga vizuri mwanzo. ERPNext ni programu huria, leseni hulipi, seva na fundi wake utalipa. Procore ni ya makampuni makubwa ya ujenzi, kwa mtu mwenye kazi tatu Lamu ni mzigo. Na ukiwa na kazi moja moja kwa mwaka, kaa na Eksel, wallahi sio aibu.

eTIMS usiisahau, ule mfumo wa invoisi za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi. Tangu 2024 gharama isiyo na invoisi ya eTIMS, KRA kwa kawaida haikukubalii kuitoa kwenye mapato, lakini kwenye kazi ni gharama ya kweli na lazima ionekane. Unataka alama mbili tofauti, hii imetumika, na hii ina invoisi. Ukiacha nje kila kisicho na invoisi ili vitabu viwe visafi, bei utakayompa mteja wa pili itakuwa ya chini kuliko inavyogharimu.

Kabla ya kulipa chukua muda wa majaribio wa bure, tafuta kazi moja iliyokwisha ambayo makaratasi yake yote unayo, uiingize yote mpaka ya punda, na atakayeingiza awe msimamizi wako kwa simu yake mwenyewe, sio yule kijana wa mauzo. Halafu jaribu kuitoa data yote kwenda Eksel. Ikigoma kutoka, usiweke kadi yako.