Damu ya mieleka si tomato sosi

Vijiweni ubishi hauishi: mieleka ya WWE ni kweli au maigizo? Wenyewe walishajibu. Mwaka 1989 kampuni hiyo, enzi hizo WWF, iliwaambia maseneta wa jimbo la New Jersey, Marekani, kuwa ni burudani tu, mshindi hupangwa. Ilikuwa inakwepa kodi na usimamizi wa michezo, ujanja wa biashara. Basi ushindani haupo.

Ila wanaosema damu ni tomato sosi wamepotea. Kwa miaka mingi wapiganaji walijichana paji la uso kwa kipande cha wembe kilichofichwa kwenye plasta ya mkononi. Ulingo nao si godoro: ni mbao juu ya vyuma, sponji nyembamba, kisha turubai. Mpiganaji Mick Foley alipotupwa kutoka juu ya kizimba cha chuma kilichozunguka ulingo mwaka 1998, bega liliteguka kweli.