Panki maana yake nini?

Wengi wetu tulilijua neno panki kwa kinyozi kabla ya kulisikia kwenye muziki. Pembeni nywele zinapunguzwa, juu zinaachwa zisimame, na bibi akikuona anauliza hilo nalo ni denge la wapi. Vijana wa sasa wana kiduku chao, na ukimwuliza mmoja kama anajua hizo nywele zimetokana na bendi za magitaa, atakucheka.

Panki ni tawi la muziki wa roki. Nyimbo zake ni fupi na za kasi, magitaa yananguruma, na mwimbaji anafoka zaidi ya kuimba. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayakuambii kwa nini mashabiki wake, miaka hamsini baadaye, bado wanabishana kama watu wa Simba na Yanga kuhusu nani alianza. Ubishi hauishi kwa sababu kila mmoja ana panki yake kichwani: huyu anazungumzia mlio, yule mavazi na nywele, mwingine tabia.

Neno lenyewe ni tusi la zamani. Katika Kiingereza cha enzi za Shakespeare lilimaanisha malaya, na baadaye Marekani likawa jina la kijana mhuni asiye na faida. Mwaka 1971 mwandishi Dave Marsh alilitumia kuhusu roki katika jarida la Creem. Januari 1976 vijana wa New York wakaanzisha jarida lao na kuliita Punk, na tusi likageuka jina la ukoo.

Wanaosema panki ni ya New York wana mahali pa kukuonyesha. Desemba 1973 Hilly Kristal alifungua klabu iitwayo CBGB katika mtaa wa Bowery, ambako walevi wasio na makazi walilala barazani. Herufi hizo zilikuwa kifupi cha kantri, bluugrasi na bluzi, muziki aliokusudia upigwe pale. Wakaja watu wengine kabisa: Television, Patti Smith, Blondie, na vijana wanne kutoka eneo la Queens, hukohuko New York, waliojiita Ramones. Wote wanne walitumia Ramone kama jina la ukoo, na hakuna aliyekuwa ndugu wa mwenzake.

Ramones ndio waliotengeneza ule mlio. Siku hizo bendi kubwa za roki zilikuwa zikipiga wimbo mmoja unaojaza upande mzima wa santuri, wenye solo ndefu za kinanda na dramu. Albamu ya kwanza ya Ramones ilitoka Aprili 1976 ikiwa na nyimbo 14, na zote pamoja hazifikishi nusu saa. Kuirekodi kuligharimu kama dola 6,400. Sikiliza mkono wa kulia wa Johnny Ramone: anachapa nyuzi kwenda chini, chini, chini, harudi juu hata mara moja, mpaka gitaa linatoa sauti ya mashine ya kukata mbao. Jaribu hivyo dakika mbili tu uone kiwiko kitakavyokuambia.

Mavazi na kelele za magazetini, hizo ni za London. Malcolm McLaren na Vivienne Westwood walikuwa na duka la nguo King's Road, na humo ndimo ilimoundwa bendi ya Sex Pistols. Uingereza ya 1976 ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja wasio na kazi, na kijana aliyemaliza shule hakuona mbele. Tarehe 1 Desemba mwaka huo Sex Pistols waliporomosha matusi kwenye televisheni, kipindi kikiwa hewani jioni, familia ziko mezani. Kulipokucha walikuwa kurasa za mbele, na kumbi nyingi zikafuta maonyesho yao. Mwaka uliofuata, nchi ikisherehekea miaka 25 ya Malkia kwenye kiti, walitoa wimbo wa kumkejeli. BBC ikaupiga marufuku, nao ukapanda mpaka nafasi ya pili. Kwa watu wengi panki ni hiyo tu: pini kwenye nguo zilizochanwa, na picha ya Malkia iliyobandikwa maandishi machoni. Mimi naona hicho ndicho kipande chake kilichozeeka haraka kuliko vyote.

Lakini ukiwaachia New York na London ugomvi wao, wapo watakaokurudisha nyuma zaidi. Lima, Peru, bendi ya Los Saicos ilikuwa ikipiga kelele za namna hiyohiyo mwaka 1965. Ann Arbor, karibu na Detroit, Marekani, kulikuwa na The Stooges, albamu yao ya kwanza ikiwa ya 1969. Brisbane, Australia, The Saints walitoa santuri yao Septemba 1976, mwezi mmoja kabla ya The Damned kutoa ile inayohesabiwa kuwa singo, yaani santuri ndogo, ya kwanza ya panki Uingereza. Na Detroit kwenyewe walikuwepo ndugu watatu weusi, wa ukoo wa Hackney, walioiita bendi yao Death. Walirekodi nyimbo saba mwaka 1975. Mkubwa mmoja wa kampuni ya rekodi aliwapenda, akawataka wabadilishe jina. Wakakataa. Nyingi ya nyimbo hizo zikakaa kwenye kanda mpaka 2009 ndipo albamu ikatoka, na mashabiki waliokuwa na hakika na orodha zao wakalazimika kuzifuta.

Panki ninayoiamini mimi ni ile ya Manchester. Howard Devoto na Pete Shelley walikuwa wanafunzi waliowaleta Sex Pistols mjini kwao Juni 1976, wakaunda bendi ya Buzzcocks, na mwisho wa mwaka wakakopa pauni 500. Hawakumngoja mwenye lebo, yaani kampuni ya kutoa santuri. Waliingia studio tarehe 28 Desemba, wakarekodi nyimbo nne, wakatengeneza lebo yao wenyewe na kuagiza nakala 1,000 za santuri waliyoiita Spiral Scratch. Picha ya jaladani ilipigwa kwa kamera ya Polaroid. Kwenye jalada hilohilo waliandika kila wimbo ulirekodiwa kwa jaribio la ngapi na kama kuna sauti iliyoongezwa baadaye, kama mpishi anayekuachia mlango wa jikoni wazi.

Humo mna wimbo uitwao Boredom, yaani kuchoshwa. Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi tunajua solo ni uwanja wa fundi: sebene likikolea, gitaa linaweza kutembea dakika tano na hakuna anayetazama saa. Shelley alipofika kwenye solo yake alipiga noti mbili. Zilezile mbili, tena na tena, kama kengele ya mlango inayobonyezwa na mtoto mtundu. Ni mzaha, na ni jibu pia kwa kila aliyeambiwa asipande jukwaani mpaka aive.

Mwezi huohuo santuri hiyo ilipotoka, Januari 1977, kijarida kiitwacho Sideburns kilichora mikao mitatu ya vidole kwenye shingo ya gitaa: huu mmoja, huu mwingine, huu wa tatu, haya undeni bendi. Watu wengi husema mchoro ule ulikuwa wa Sniffin' Glue, kijarida mashuhuri zaidi. Sio.

Mlango ukiwa wazi hivyo, huchagui nani aingie. Klabu ya Roxy ya London ilikuwa na DJ aitwaye Don Letts, mtoto wa Wajamaika, aliyepiga rege usiku kucha kwa sababu santuri za panki zilikuwa bado chache mno. Bendi ya The Clash ikaurudia wimbo wa rege wa Junior Murvin, Police and Thieves, kwenye albamu yake ya kwanza. Naye Poly Styrene, mwimbaji wa X-Ray Spex, baba yake alikuwa Msomali. Alipanda jukwaani na nyaya za kunyooshea meno mdomoni, kando yake msichana na saksafoni, akaimba kuhusu plastiki na matangazo ya biashara. Albamu yao ya 1978, Germfree Adolescents, naiweka juu ya ile ya Sex Pistols, na niko tayari kubishana.

Kama hujawahi kusikiliza panki, anza na ile ya Ramones. Bandika wali, washa muziki. Itaisha kabla hujapalia makaa.