Mamba haonekani kwa kamera ya joto

Nikirusha droni kando ya mto Ruvu, huku Bagamoyo, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Hiyo inaona mamba?" Muulizaji huwa ameikazia macho kamera ya joto. Basi huyo mamba ndiye hasa inayemkosa.

Kamera ya joto haipenyi kitu. Inasoma mionzi ya joto inayotoka kwenye uso wa kitu, yenye mawimbi ya urefu wa mikromita 8 hadi 14 hivi (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita). Mamba hajitengenezei joto kama sisi. Mwili wake hufuata joto la maji au tope alilolalia, kwa hiyo kwenye skrini hupotelea humo humo. Kiboko ana joto lake mwenyewe, lakini maji huimeza mionzi hiyo. Akizama humwoni, akitoa pua na masikio, unaona vidoa viwili vitatu. Rahisi kumnasa ni yule anayerudi alfajiri kutoka malishoni, mchanga ukiwa bado baridi. Saa nane mchana usijisumbue, kila kitu ufukweni kinawaka.

Mamba mtafute kwa kamera ya kawaida, asubuhi anapoota jua. Kwa kamera yangu, nikiwa juu mita 60, nukta moja ya picha ni kama sentimita 1.6 ardhini. Mamba wa mita tatu anapata nukta zaidi ya 180, hana pa kujificha. Ila wahi kabla kusi halijachachamaa, maana droni ikipigana nalo betri haikawii kuisha.

Lakini kilichonitia adabu ni mafuriko. Mvua za milima ya Uluguru hushuka na Ruvu mpaka kwenye mashamba ya mpunga huku chini. Kujua maji yatapita wapi, napiga mamia ya picha zinazopandana kwa asilimia 80 hivi, kisha programu inaziunganisha kuwa ramani ya miinuko. Ubaya wake, inapima kile kilicho juu kabisa, si udongo. Mara ya kwanza nilirusha wakati wa masika, nikawapelekea wakulima ramani yenye tuta la mita mbili kando ya mto. Mzee mmoja akaisogeza karibu na macho, akacheka.

"Mwanangu, haya matete. Maji yanapita hapa hapa kila mwaka."

Nilirudi kiangazi, matete yameshachomwa. Pale penye tuta langu palikuwa na mkondo mkavu.