Elimu kwa Umma: Mashine ya Mkate Ikifa, Usikimbilie Dukani

Tukielekea Machi 15, Siku ya Haki za Watumiaji Duniani, malalamiko kuhusu mashine za kuoka mkate nyumbani yamezidi kwenye dawati letu la malalamiko ya watumiaji, na mengi yanafanana. Mashine ya kwanza iliharibika, mwenyewe akanunua nyingine harakaharaka, na haukupita muda akaja kulalamika kuwa nayo ni mbovu. Tunaamini wananunua kwa nia njema, na wauzaji wengi nao wanauza kwa nia njema. Ila hakuna aliyejiuliza ile ya kwanza iliuawa na nini.

Mkate kutoumuka si ushahidi kwamba mashine imekufa. Tia kijiko cha hamira kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo. Isipotoa povu baada ya dakika 10 hivi, iliyokufa ni hamira. Unga upimwe kwa mizani, si kwa kikombe. Hili tumelisema mara nyingi na tunalirudia: hakuna mashine inayosahihisha vipimo vilivyokosewa.

Kama hamira ni nzima, toa sufuria ya ndani, igeuze, kisha zungusha kwa vidole ule mhimili unaoshika kisu cha kukandia. Uzunguke bila kukwaruza wala kukwama. Halafu itie maji na uiweke juu ya karatasi kavu kwa nusu saa. Karatasi ikilowa, mpira wa kuzuia maji umechakaa. Kinyunga huvujia kwenye beringi, hukaukia humo, na siku moja kisu hugoma. Hapo umeharibikiwa na sufuria, si mashine nzima. Mota ikivuma ilhali kisu hakizunguki, mara nyingi mkanda umekatika au umelegea. Pasipokuwa na joto kabisa, mtuhumiwa ni koili, yaani waya unaotoa joto, au fyuzi ya joto, na hiyo ni kazi ya fundi. Tafadhali usimruhusu fundi aunganishe waya kwa kuiruka fyuzi. Ndiyo inayokata umeme mashine inapopata joto kupita kiasi. Ukiiondoa, umeondoa kinga ya nyumba yako.

Ikithibitika kwamba ni lazima kununua nyingine, swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: sufuria na kisu vya mashine hii vinauzwa peke yake? Hivyo ndivyo huchakaa mapema. Watu huja na orodha ya programu 20 wakidhani wamepata mashine bora, kumbe nyingi zinatofautiana kwa dakika chache za kuumua na kuoka. Unahitaji ya mkate wa kawaida, ya unga usiokobolewa ambayo huchukua muda mrefu zaidi, na ya kukanda tu bila kuoka. Asiyekula gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, atafute yenye programu yake, kwa kuwa kinyunga cha aina hiyo hakihitaji kukandwa na kuumuliwa mara ya pili.

Kwa ukubwa, mashine nyingi huoka mikate ya takriban gramu 450, 680 au 900. Usichukue kubwa kwa sababu tu ni kubwa. Kwenye sufuria ndefu ya kulala, kinyunga kidogo hujikusanya upande mmoja na mkate hutoka umepinda. Wati nazo si kipimo cha ubora. Mashine nyingi za nyumbani ziko kati ya 450 na 700.

Volti ndiyo yenye hatari. Mashine za Japani hutumia volti 100, za Marekani 120, na sehemu nyingi za dunia ni 220 hadi 240. Ukichomeka ya volti 120 kwenye umeme wa 240, koili hupata nguvu mara nne ya ile iliyoundiwa. Hiyo si hitilafu ya kiwanda, na malalamiko ya namna hiyo hatuyapokei. Ukitumia transfoma, wati zake zizidi za mashine.

Kuhusu alama ya CE, inayosema kuwa bidhaa inakidhi masharti ya Umoja wa Ulaya, kwa vifaa vya aina hii ni tamko la mtengenezaji mwenyewe, si cheti kilichotolewa na serikali. Uliza pia kama mashine imepimwa kwa kiwango cha kimataifa IEC 60335-2-9, ambacho kinahusu mashine za mkate.

Sasa utaratibu, na tunaomba usomwe wote. Siku ya kununua, piga picha kibandiko kilicho chini au nyuma ya mashine: modeli, namba ya mfululizo, volti na wati vionekane. Oka mkate wa majaribio mapema, usiiache kwenye boksi hadi muda wa kurejesha uishe. Ikileta shida, andika kwanza kwa muuzaji, ukitaja tarehe, tatizo, na unachodai: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Ambatisha nakala ya risiti. Halisi baki nayo. Tunza uthibitisho kwamba barua imepokelewa. Ukiisha muda wa kujibu bila majibu, ndipo uje kwetu na nakala za vyote hivyo. Jalada lisilo na barua kwa muuzaji hurudishwa. Vilevile, waranti kwa kawaida haihusu sufuria iliyokwaruzwa kwa kijiko cha chuma, wala mashine iliyofunguliwa na mtu asiyeidhinishwa.

Muuzaji anayebandua au kubadilisha kibandiko, au anayeweka alama ya ubora ya kughushi, anaweza kunyang'anywa bidhaa, kutozwa faini, kulipia uteketezaji wa shehena na kufutiwa leseni, kwa mujibu wa sheria inayomhusu. Mlalamikaji anayetoa maelezo ya uongo naye anaweza kuchukuliwa hatua. Bidhaa isiyo na kibandiko usiinunue hata ukipunguziwa bei, kwa kuwa hatutakuwa na namna ya kuifuatilia.

Mashine unayoilalamikia usiitupe wala kuigawa kabla jalada halijafungwa. Ile ya zamani, kama modeli inalingana kabisa na mpya, bakiza sufuria na kisu ikiwa ni vizima, kisha mwili wake upeleke panapopokelewa taka za umeme.